Nati Nilizozirudisha Asubuhi Ile

Eliwaza mwanangu,

Sikuulizi hali. Asubuhi tumekunywa chai pamoja, nimekuona ukila chapati mbili na nusu, ile nusu nyingine ukanisogezea bila kuniuliza. Sasa hivi uko Mwankoko unamuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua mama yangu hatakuachia kabla ya saa kumi. Kwa hiyo nina mchana mzima. Mlango wa ofisi nimeurudishia nusu, mteja akipita aone nipo lakini asishawishike kukaa. Upepo unapiga bati la jirani kama kawaida. Nimesukuma vitambaa pembeni, nimekaa kwenye meza ya kukatia, na naandika kwenye daftari la vipimo kwa sababu sina karatasi nyingine.

Mambo ya safari sitayagusa. Kula kwa wakati, kuvaa sweta kwenye basi, kupiga simu ukifika, hayo yote shangazi yako atakuambia, na atayasema vizuri kuliko mimi, ndivyo alivyo. Ameshakuandalia chumba. Amenipigia mwenyewe kunieleza: "Wifi, nimemnunulia na neti mpya." Siku tatu sasa hiyo neti haijanitoka kichwani. Nimeionea wivu neti, mwanangu. Nimewaza kwamba asubuhi wifi ndiye atakayekuwa anakusikia ukikohoa kile kikohozi chako kabla ya kuamka, na ndiye atakayekuwa anakuuliza umeota nini. Nikajikuta nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Usicheke. Au cheka tu, maana wivu wangu kwa shangazi yako ni wa zamani. Ulipokuwa na miaka mitatu alikuja hapa Mandewa akakaa nasi mwezi mzima, akawa anakusuka nywele. Ukawa ukiamka unapita mlango wa chumba changu na kitana mkononi unaenda kwake. Siku alipoondoka ulilia mpaka jioni, nami nikakuambia shangazi ameondoka kwa sababu hakupendi. Maneno hayo nilimwambia mtoto wa miaka mitatu. Marehemu baba yako alikuwa mlangoni akanisikia. Hakunifokea, alisema tu, "Mama Eli, huyo ni mtoto." Ulinyamaza kulia, na kwa miaka kadhaa shangazi alipokuja ulikuwa unajificha nyuma ya gauni langu, na yeye hakuwahi kujua kwa nini. Mimi nilijua. Nilikuwa nakushika kichwa huku nimeridhika.

Nimeanza na hilo ili ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani. Ninalotaka kusema hasa ni kuhusu makoti ya bodaboda. Stori ile unaijua nusu. Nusu nyingine ninayo mimi, tangu kipindi kile cha baridi hadi leo.

Unakumbuka Hamisi, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, alivyokuja na mizigo ile ya vitambaa. Alitaka makoti kumi na mawili, jinzi nzito nje na blanketi ndani, kwa sababu vijana wake walikuwa wanapigwa na upepo kifuani hadi wanaugua. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nilikubali haraka kwa kuwa niliogopa angesema kazi hii ataipeleka kwa mafundi wa mjini. Sikuwa nimewahi kupitisha kitu kinene namna ile kwenye ovaloki. Nguo zetu ni za sare za shule, vitenge, magauni ya kwaya. Ovaloki yangu ilizoea kukata na kufunga kingo za vitambaa vyepesi, na mimi nilizoea kuisifia.

Sheria ya ofisi hii uliijua tangu ulipoanza kukaa kwenye cherehani: nati za ovaloki anagusa mwenye mashine. Mimi nilijifunza hivyo. Fundi aliyenifundisha kule Iramba alikuwa akienda kula anafunika ovaloki yake kwa khanga na kuifunga fundo, akirudi anaangalia fundo kwanza. Nami yangu niliipaka rangi ya kucha nyekundu, alama moja kwenye kila nati ya kukazia uzi, nijue kila moja inakaa wapi. Zile alama zilikuwa kiburi changu. Miaka kumi na minne hazikusogea.

Siku mbili nilihangaika na yale makoti na wewe ulikuwa pale pembeni unashona vifungo. Uzi ulikatika. Mishono iliruka. Sindano tatu zilivunjika pale pale kwenye kwapa, mahali ambapo mkono wa koti unakutana na mwili na tabaka zinafika nane. Nilibadilisha uzi. Nikalaumu umeme, nikalaumu jinzi, nikamlaumu hata aliyeniuzia mashine. Na kila nilipomaliza kulaumu, nilikaza. Hiyo ndiyo dawa yangu ya siku zote, mshono ukiruka nakaza, uzi ukilegea nakaza, halafu narudisha kwenye alama nikidhani nimefanya kazi. Siku ya pili jioni ulisema kwa upole, "Mama, labda inataka kulegezwa." Nikakujibu labda wewe ndiye unayetaka kufundisha watu. Ulirudi kwenye vifungo vyako.

Siku ya tatu nilienda msibani, nikashinda huko. Niliporudi nilikuta makoti manne yananing'inia kwenye msumari. Niligeuza moja ndani nje kabla hata sijavua khanga ya msibani. Nikapitisha kidole kwenye kwapa. Uzi ulikuwa umelala vizuri juu ya ule unene wote, umezunguka kingo bila kubana, hakuna mshono ulioruka hata mmoja. Nikaangalia mashine, na alama zangu nyekundu zilikuwa zimetazama kila upande. Sindano yangu namba kumi na moja ilikuwa kwenye kisahani, na kwenye mashine ulikuwa umeweka namba kumi na sita, nene zaidi.

Ulikuwa unaeleza. Ulikuwa na furaha, maneno yanatoka mengi kwa mpigo, umelegeza hiki, umebadilisha kile, umegundua hivi. Nilikuambia nimechoka, tuongee kesho. Lakini nilisikia kila neno. Naweza kuyarudia yote mpaka leo.

Halafu Hamisi akaja. Akanisalimia shikamoo, akavaa koti moja, akanyoosha mikono mbele kama ameshika usukani, akainama, akajipinda. Akaniuliza haya manne nimeshona mimi? Nikasema ameshona Eli. Akasema, "Basi Mama, yaliyobaki naomba amalizie Eli." Hakuwa na ubaya wowote, na aliongea kwa heshima. Nilicheka, nikasema hakuna shida. Jioni ile nilipika ugali ukawa mbichi katikati, na wewe ukala bila kusema kitu, na hata kule kutosema kwako kuliniudhi.

Nilikuonea wivu, Eli. Naliandika neno lenyewe maana nimelizunguka muda mrefu. Kuna mama anayemwonea binti yake wivu kwa ngozi au kwa mume. Mimi nilikuonea wivu kwa kwapa la koti. Nilikuwa nimeipa kazi hii miaka ishirini na mbili, mgongo wangu uko hapa, macho yangu yako hapa, na wewe kwa mchana mmoja nikiwa nalilia msiba wa watu uliona kitu ambacho mimi sikukiona. Na ulikiona kirahisi. Kama ungekuwa umehangaika labda ningekusamehe.

Asubuhi iliyofuata ulienda sokoni kununua uzi mweusi. Niliingia ofisini peke yangu. Nikairudisha nati ya kwanza kwenye alama yake, ya pili, ya tatu. Nikaikaza ile skrubu ya juu inayoukandamiza mguu wa mashine kwenye kitambaa, uliyokuwa umeilegeza. Nikatoa sindano yako nene nikaweka yangu nyembamba. Nilikuwa najiambia kwamba naweka mashine yangu kama ilivyokuwa, nina haki. Lakini kama ilikuwa haki, mbona ulipoingia sikukuambia?

Uliingia unahema, umetoka haraka ili uwahi kazi. Ulinionyesha uzi, nikasema ni mzuri. Ukakaa. Ulichukua koti la tano, ukalipanga chini ya mguu, na mimi nilikuwa hapa hapa nilipokaa sasa, na mkasi mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ungeamini hata uongo, ningeweza kusema nimeisafisha, angalia nati zako. Nikainamisha kichwa kwenye kitambaa. Nilitaka mishono iruke. Nilitaka uniite, nije nikuambie pisha, nikae mimi. Nilikuwa nimeshaichagua hata sauti ya kusemea hivyo. Kuvunjika sikukutaka, na hilo naomba uliamini hata kama haya mengine yatakufanya usiniamini tena.

Ulikanyaga pedali kwa uhakika, kama mtu anayejua alichokiacha jana. Ilipofika kwenye unene, ile sindano nyembamba ilipinda, ikagonga lupa, kile kimkono cha chuma kinachopitisha uzi chini. Mlio ule ninausikia mpaka leo mtu akiangusha kijiko. Kimkono kilivunjika. Ncha ya sindano iliruka ikakugusa shavuni, chini ya jicho, ukaweka kiganja, na kitu cha kwanza ulichoangalia kilikuwa mashine. Hukujiangalia hata kama unatoka damu.

Ulisema, "Mama, nimeivunja mashine yako."

Nami nikasema, "Nilikuambia usiguse nati."

Nimeandika sentensi hiyo na nimeweka kalamu chini nikatoka nje nikasimama kidogo. Nimerudi.

Sikuishia hapo. Ulitoka kwenda kulia nyuma ya choo, ukidhani sisikii. Nikatumia muda huo kuchomoa kipande cha sindano kilichobaki, kwa sababu namba yake ingeonekana, nikakitupa. Nikazizungusha nati zote ovyo, usije ukarudi ukaziona ziko kwenye alama zangu. Halafu nikaja nikakushika bega na kukuambia yameshatokea, usilie, mashine ni chuma. Ulinishukuru. Uliniambia mama mwingine angekupiga.

Hamisi alikuja akachukua vitambaa vilivyobaki akapeleka kwingine. Walioniuliza mtaani mbona ovaloki imekaa kimya niliwaambia Eli aliiharibu, kwa sauti ya mama mwenye subira, na wao wakanisifu kwa subira yangu. Fundi wa mashine alipokuja kubadilisha kile kimkono akauliza ilikuwaje, nikakuacha umweleze wewe. Ulimweleza makosa yako yote, na mengine ukayabuni ili yalingane na kilichotokea. Nilikuwa nashona pindo la suruali. Nililifumua baadaye, nilikuwa nimeshona miguu yote miwili pamoja.

Tangu siku hiyo hujakaa kwenye ovaloki. Kitambaa kikiwa kizito unanisogezea mezani. Mara moja nilikuambia jaribu, ukasema hapana Mama, hiyo nakuachia wewe. Nikajifanya nasikitika. Ukweli ni kwamba nilipumua.

Sasa sikiliza, kuna kingine, na kwangu hiki kina aibu kubwa kuliko hata nati. Miezi yote hii nimekuwa nashona nguo nzito kwa njia yako. Ukienda sokoni, ukienda mazoezi ya kwaya, nafanya ulivyonieleza ile jioni niliyosema nimechoka. Naweka sindano namba kumi na sita, mpya, maana ulisema ile iliyotumika hata ikionekana nzima ncha yake imeshachoka. Nalegeza skrubu ya mguu ili unene upate nafasi ya kupita. Nalegeza nyuzi mbili za chini kwa kuwa zina safari ndefu ya kuzunguka kingo nene, ukizibana zinakatika. Naongeza urefu wa mshono. Ile ziada ya pembeni naipunguza kwanza kwa mkasi, kisu cha mashine kisipewe kutafuna kitu ambacho si cha kukitafuna. Nagonga maungio kwa mchi wa kinu, nimeufunga kitambaa, mpaka yalale. Vumbi la blanketi nalifagia kwa brashi kila nikimaliza nguo mbili. Na nikifika kwapani natoa mguu kwenye pedali nazungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, bila kuvuta kitambaa kwa nyuma. Hilo la kutovuta lilinisumbua sana. Maisha yangu yote nimevuta.

Zile alama nyekundu nilizikwangua kwa wembe. Uliponiuliza nikasema rangi imechakaa.

Inafanya kazi, Eli. Inafanya kazi kila mara. Yule mwalimu aliyeleta majaketi ya wanawe alishika mshono akasema, Mama Eli siku hizi umeiva. Nikasema asante. Wewe ulikuwa pale umeshika sindano ya mkono unashikiza vifungo vya shati, ukatabasamu kwa ajili yangu. Nilikasirika ulivyotabasamu. Nilitaka angalau uwe na wivu kidogo, tuwe wawili.

Ndipo shangazi yako akapiga simu. Duka lake la vyombo limekua, anataka mtu wa kwake huko Mitundu, mtu wa kuaminika. Nilidhani utaomba muda. Ulikubali papo hapo, na ulipoona nimeshangaa ukaniambia, "Mama, mikono yangu ni ya kuuza tu. Ya kushona ni yako."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilichofanya nilikuambia nenda, shangazi yako ni mtu mzuri. Nataka ujue kilichokuwa ndani yangu nikisema hivyo. Nusu yangu ilikuwa inalia kwamba wifi amekuchukua tena, safari hii na kitana na kila kitu. Nusu nyingine ilifurahi. Ilifurahi kwamba utauza sufuria na mabeseni na hakuna atakayejua kwamba ungekuwa fundi kunizidi. Nimelala na hizo nusu mbili wiki nzima, na hakuna hata moja iliyonipisha.

Jana nilienda kijiweni. Nilimkuta Hamisi amekaa kwenye pikipiki yake, akashuka, shikamoo Mama, marahaba. Nikamwambia mashine haikuharibiwa na Eli, niliiharibu mimi kwa makusudi, au kwa kitu kinachofanana na makusudi, kwa sababu yeye alisema amalizie Eli. Vijana wawili walikuwa karibu wakasikia. Hamisi aliangalia chini, alivyo na adabu. Nilitegemea atasema yamepita. Alisema, "Mimi si wa kuambiwa, Mama. Mwambie mwenyewe."

Kwa hiyo nakuambia. Hukuivunja mashine. Mikono yako haina kosa. Kosa ulilolidhania kwa miezi hii yote, lile linalokufanya uruke kitambaa kizito kama watu wanavyoruka shimo, halikuwepo. Uliketi kwenye mashine iliyokuwa imetegwa na mama yako.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini ya begi lako uisome Mitundu. Ningekuwa nimesema, na nisingeuona uso wako. Nimeijua hiyo hila kwa sababu inafanana na zangu zote. Nitakupa mkononi leo ukirudi, kabla hatujala, na nitasimama hapo hapo wakati unasoma. Ukitaka kunifokea nifokee. Kama hutaki kula nilichopika, usile. Ukitaka kulala kwa bibi yako na basi ulipandie hukohuko, nitabeba begi mpaka Mwankoko na kurudi.

Sikuzuii kuondoka, ingawa najua inaweza kuonekana hivyo, kwamba nimengoja mpaka siku ya mwisho nikushike mguu. Nimejichunguza na siwezi kuapa kwamba hakuna chembe ya hilo. Ukienda nitamwonea wivu wifi yangu kila asubuhi. Ukibaki nitakuonea wivu wewe kila koti. Mtu hafiki umri wangu akabadilika kwa barua moja. Lakini wivu nikiusema kwa sauti unapata aibu kidogo, nimeona jana pale kijiweni, na mikono yangu ilirudi nyumbani mitupu, haikuwa na haja ya kugeuza kitu.

Ovaloki sikupi. Nimewaza kukupa ili nionekane mama mzuri, nikaona hapana, naipenda na bado ni yangu. Kama utataka kushona utatafuta yako, na ukiipata usiipake alama. Kitambaa kitakuambia kinataka nati ikae wapi, wewe ulilijua hilo siku ile kabla yangu. Na kama siku moja utakuwa na binti wa kukaa pembeni yako na vifungo, akikuambia labda inataka kulegezwa, mpishe akae. Itakuuma. Mpishe hivyo hivyo, halafu nenda nje ukasonye mpaka umalize.

Huko Mitundu watu watakuuliza unajua kazi gani. Usiseme unauza tu. Sema wewe ni fundi, na nguo nzito ndizo zako. Wakikuuliza nani alikufundisha kuzishona, usinitaje. Sikukufundisha mimi.

Mama yako